Hotuba juu ya Maisha katika Mji wa Cambridge



Tumepewa kazi ya kuwaeleza mambo tuliyoyaona mwaka wetu wa kwanza katika mji wa Cambridge, Uingereza, tulikokwenda kusoma. Twashukuru kwa heshima hii. Hatutasema habari za mji mzima, kwani mgeni wa mwaka mmoja hajui ila yale yaliyomshangaza. Lakini twadhani hayo yaweza kuwafaa walimu, na wazazi ambao watoto wao watakwenda ng'ambo baada yetu.

Kwanza, sura ya mji. Mtu asikiaye jina la Chuo Kikuu cha Cambridge hudhani ataona uwanja mmoja wenye lango moja. Sivyo. Ni vyuo 31, kila kimoja na nyumba zake na desturi zake, navyo vimechanganyika na maduka na makao ya watu. Kilicho kikongwe kuliko vyote, Peterhouse, kilianzishwa mwaka 1284 na Hugh de Balsham, Askofu wa Ely. Kanisa la King's College lilianza kujengwa mwaka 1446, na kazi ya mawe ikaisha mwaka 1515. Waliochimba msingi hawakuliona paa. Dari yake ni mawe matupu, nayo yametandazwa mfano wa makuti ya mvumo. Nyuma ya vyuo wapita Mto Cam, na vijana huendesha humo mashua bapa kwa upondo, kama wafanyavyo watu wa pwani yetu. Na barabarani mwalimu mkubwa mwenye mvi hupita juu ya baiskeli, wala hapungukiwi na heshima.

Katika nyua za vyuo vingi mna nyasi zilizokatwa zikawa kama zulia, wala mwanafunzi hana ruhusa ya kuzikanyaga. Hiyo ni haki ya walimu wa chuo. Na mwendo mfupi kutoka hapo, katika uwanja wa malisho uitwao Midsummer Common, ng'ombe hula majani wakati wa kiangazi pasipo kuulizwa na mtu. Basi tukaambiana kwamba katika mji huu ni heri ng'ombe kuliko mwanafunzi.

Pili, upweke. Mwezi wa Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi jioni, na mwezi wa Juni saa tatu usiku halijachwa bado. Giza lile la baridi huingia hata moyoni. Tena watu hupitana njiani pasipo salamu. Sisi tuliozoea kuuliza habari za nyumbani, za kazi na za watoto kabla ya neno jingine lolote, tulijiona kama vivuli. Baadaye tulifahamu kwamba kimya kile si chuki. Jirani yetu hakutuamkia kwa miezi miwili. Theluji ilipoanguka alikuja na koleo akatusafishia mlango, akaenda zake. Kila watu wana njia yao ya kusema karibu.

Tatu, nalo ndilo kubwa, mafundisho yao. Muhula wa masomo ni majuma manane tu, na mihula ni mitatu kwa mwaka; sehemu kubwa ya kusoma ni juu ya mwanafunzi mwenyewe. Huandika insha, akaenda nayo kwa mwalimu wake, peke yake au pamoja na wenziwe wawili watatu. Naye mwalimu haanzi kwa kufundisha, bali huuliza: Kwa nini wasema hivi? Umejuaje? Mtu akikupinga, utamjibu nini? Sisi tulilelewa kunyamaza mbele ya mkubwa, na kwetu kunyamaza ni heshima. Kwao anyamazaye hudhaniwa kwamba hana neno. Mmoja wetu aliitikia "Ndiyo, Mwalimu" majuma matatu, hata mwalimu akamwambia kwa upole kwamba hakumwita ili akubaliwe, bali ili waitafute kweli wote wawili.

Je, tuache adabu zetu? Hasha. Tuliona vijana wa huko wenye maneno mengi na masikio machache, wala hatukuwatamani. Lakini wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga, nasi twalijua neno hilo kwa ulimi kabla ya kulijua kwa moyo. Adabu na swali zaweza kukaa nyumba moja.

Wala tusidhani mji ule ulianza na utukufu. Mwaka 1209 wanachuo walikimbia Oxford baada ya ugomvi na watu wa mji, ambao wenzao walinyongwa ndani yake. Wakafika Cambridge hawana jengo lao, wakakaa katika nyumba za kupanga. Tena mji wa elimu waweza kuwa mzito wa kujifunza: chuo cha wanawake cha Girton kilianzishwa mwaka 1869, lakini wanawake hawakupewa shahada kamili ila mwaka 1948.

Katikati ya mji tulisimama mbele ya Senate House, mahali ambapo David Livingstone alisema na wanachuo tarehe 4 Desemba 1857. Kutokana na wito wake uliundwa Umisheni wa Vyuo Vikuu, uliojenga shule ya Kiungani, Unguja. Hotuba moja ilizaa shule, na shule zikazaa walimu waliotufundisha kusoma sisi.

Basi, walimu, twawaomba jambo moja. Tengeni saa moja kila juma ambapo mtoto atauliza, nanyi msimwone mtovu wa heshima. Mjibuni, kisha mwulizeni naye. Aliyezoea kuuliza kwa adabu hapa kwetu hatakuwa bubu ng'ambo, wala hatarudi mwenye kiburi. Nanyi watu wa mitaa, kijana wenu akisafiri, msimpe koti peke yake. Mwandikieni, mpigieni simu, mwulizeni habari za nyumbani, za kazi na za afya, moja moja, kama desturi yetu. Salamu hiyo ndiyo iliyotuvusha wakati wa baridi.