Daftari Lipo, Kata Haionekani: Kurekebisha Kasoro za Jedwali Pivoti katika Taarifa za Robo Mwaka

Mada iliyowasilishwa kwa watendaji wa kata, maafisa maendeleo ya jamii, waganga wafawidhi na walimu wakuu wa Wilaya ya Gairo

 

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Naanza na methali hiyo kwa sababu zama zetu zimeiongezea fumbo jipya. Siku hizi daftari lipo, limejaa, limehifadhiwa ndani ya kompyuta, na bado mali hupotea humo humo. Hupotea katika muhtasari, yaani katika lile jedwali dogo tunalolichapisha na kulipeleka kwenye kamati. Wajumbe hawasomi orodha yenye mistari mia sita. Husoma ukurasa mmoja, na kwa ukurasa huo huamua.

Jedwali tunalolizungumzia huitwa jedwali pivoti. Kazi yake ni kuongu ya zamani: kuhesabu na kupanga kwa makundi. Wenzetu wa zahanati wanaifahamu kupitia karatasi za MTUHA, ambapo kila mgonjwa hupigiwa kijiti kimoja, na kijiti cha tano huwakata wanne waliotangulia. Jedwali pivoti hupiga vijiti hivyo kwa niaba yetu. Wazo lake lilijitokeza katika programu ya Lotus Improv mwaka 1991, na Excel ikalipokea katika toleo lake la tano mwaka 1993. Limetimiza zaidi ya miaka 30, na kasoro zinazowasumbua watumiaji wake zinajulikana, na dawa zake pia.

Nitatumia mfano mmoja tu, nao ni wa kubuni; majina ya kata pekee ndiyo ya kweli. Tuseme afisa anaandaa orodha ya vikundi vilivyoomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mnakumbuka kwamba mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Vikundi vilisubiri. Kikundi kilichosubiri hivyo kisipoonekana kwenye jedwali, hakuna atakayekiambia kwamba kosa lilikuwa la chujio. Kitadhani kimekataliwa.

Majina ya vitufe nitayataja kama yanavyosomeka kwenye kioo, kwa kuwa kompyuta zetu nyingi zinatumia menyu za Kiingereza.

Nianze na orodha yenyewe, maana jedwali pivoti halina akili ya kusamehe. Tumezoea kupamba kurasa: jina la halmashauri juu, vichwa vya habari vilivyounganishwa seli tatu kwa moja, jina la kata likiandikwa mara moja na nafasi za chini yake zikiachwa wazi, na jumla ndogo kila baada ya kata. Kwa macho ya binadamu ukurasa huo ni safi. Kwa kompyuta ni mtego. Nafasi zilizoachwa wazi zitahesabiwa kama kata isiyo na jina. Jumla ndogo zitahesabiwa kama vikundi vingine, na fedha zitaonekana maradufu. Orodha ya kulishia jedwali iwe na mstari mmoja wa vichwa, kila safu na kichwa chake, kila mstari na jina la kata lililoandikwa kamili, pasipo jumla katikati. Mapambo yasubiri ukurasa wa kuchapisha.

Baada ya hapo, tazameni majina. Mtu akiandika Kibedya na mwingine akaandika Kibedia, jedwali litaonyesha kata mbili. Hilo mtaliona. Lililo gumu kuonekana ni nafasi tupu baada ya neno. "Chakwale" na "Chakwale" yenye nafasi tupu mwishoni ni kata mbili kwa kompyuta, ingawa kwenye karatasi hazitofautiani hata kidogo. Herufi kubwa na ndogo hazina madhara. Nafasi tupu inayo. Kanuni ya TRIM huifuta. Lakini afadhali kuzuia kuliko kutibu: wekeni orodha ya kata ya kuchagulia ndani ya safu, ili mwandishi achague jina badala ya kuliandika. Wilaya yenye Chakwale, Chanjale na Chagongwe haiwezi kuachia jambo hili kasi ya vidole.

Sasa fedha. Mara nyingi mtu huburuta safu ya kiasi cha mkopo ndani ya jedwali, akitarajia mamilioni, akapata 14. Hiyo 14 ni idadi ya mistari. Excel imechagua Count badala ya Sum kwa sababu imekuta maandishi mahali ilipotarajia tarakimu. Na maandishi hayo tunayajua: ni ile "500,000/=" tuliyofundishwa tangu shule ya msingi. Alama ya /= huigeuza namba kuwa neno. Wengi hukimbilia kubadili Count kuwa Sum, jumla ikatokea, wakaridhika. Ndugu zangu, hapo ndipo hatari inapozidi, kwa kuwa kila seli yenye /= sasa imehesabiwa kuwa sifuri. Jedwali limependeza na fedha zimepungua. Rudini kwenye orodha, fungueni Find and Replace, ondoeni /= yote pasipo kuweka kitu mahali pake, kisha huisheni jedwali.

Tarehe nazo zina siri yake. Sisi huandika siku, mwezi, mwaka. Kompyuta nyingi hufika zikiwa na mpangilio wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Ukiandika 03/07/2025 ukikusudia tarehe 3 Julai, kompyuta hiyo huelewa Machi 7. Ukiandika 25/07/2025, haielewi kabisa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo huiacha kama maandishi. Dalili ni mbili: tarehe nyingine zimesogea kushoto mwa seli na nyingine kulia, na jedwali linakataa kupanga kwa miezi. Zile zilizobaki maandishi hurekebishwa kwa Text to Columns, mkichagua mpangilio wa DMY. Zile zilizogeuka kuwa Machi hazina alama ya kuzitambulisha; lazima zilinganishwe na fomu au rejista ya karatasi. Ndiyo sababu mpangilio wa tarehe wa kompyuta ukaguliwe kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Angalieni uzito wake. Julai 3, 2025 iko katika robo ya kwanza ya mwaka wa fedha 2025/26. Machi 7, 2025 iko katika robo ya tatu ya mwaka 2024/25. Kosa la mpangilio limekihamisha kikundi kutoka mwaka mmoja wa fedha hadi mwingine.

Hata tarehe zikiwa sahihi, jedwali likiombwa kupanga kwa robo litafuata kalenda: robo ya kwanza itakuwa Januari hadi Machi. Mwaka wetu wa fedha huanza Julai 1. Basi msitumie robo za Excel katika taarifa za halmashauri. Ongezeni safu moja kwenye orodha, muipe kichwa "Robo", na kama tarehe iko kwenye seli A2, andikeni hivi:

=CHOOSE(MONTH(A2),3,3,3,4,4,4,1,1,1,2,2,2)

Kanuni hiyo inasema tu kwamba Januari, Februari na Machi ni robo ya tatu. Aprili hadi Juni ni ya nne. Julai hadi Septemba ni ya kwanza. Oktoba hadi Desemba ni ya pili. Ongezeni na safu ya mwaka wa fedha, kisha jedwali lipangwe kwa safu hizo mbili.

Nifike kwenye mwonekano, ambao ndio malalamiko ya kila siku. Mtu hupanga upana wa safu, hutia mkato wa maelfu, kisha akihuisha jedwali kila kitu hurudi kilivyokuwa. Tiba ni mbili. Upana: bofyeni kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jedwali, fungueni PivotTable Options, na kwenye ukurasa wa Layout & Format ondoeni alama penye Autofit column widths on update, mkiiacha ile ya Preserve cell formatting on update. Tarakimu: msipambe seli moja moja. Bofyeni juu ya namba yoyote ya safu husika, fungueni Value Field Settings, kisha Number Format. Pambo lililowekwa hapo huambatana na safu hata kata ziongezeke.

Sasa chujio, na hapa naomba masikio yenu yote. Tuseme afisa wetu alijenga jedwali Jumatatu, orodha ya Nongwe ikiwa bado haijafika. Aliondoa kata moja kwa chujio, kwa sababu halali ya siku hiyo. Jumatano orodha ya Nongwe inateremka kutoka milimani; anaiandika chini ya nyingine na kubofya Refresh. Nongwe haionekani. Sababu zinaweza kuwa mbili. Ya kwanza, jedwali lilielekezwa kusoma hadi mstari fulani, na Nongwe iko chini yake. Kinga yake ni kuigeuza orodha kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl+T kabla ya kujenga pivoti, ili mipaka ikue yenyewe. Ya pili ni ya kificho zaidi: chujio lililowekwa kwa mkono hukumbuka waliokuwepo, na kila mgeni humwacha nje. Bofyeni kulia juu ya jina la kata, fungueni Field Settings, na tieni alama penye Include new items in manual filter.

Kinyume chake pia hutokea. Mmesahihisha Kibedia kuwa Kibedya, lakini jina lililokosewa bado limo ndani ya menyu ya chujio kama mzuka. Fungueni PivotTable Options, ukurasa wa Data, na penye Number of items to retain per field chagueni None, kisha huisheni. Katika ukurasa huo huo kuna alama ya kulihuisha jedwali kila faili linapofunguliwa. Itieni, maana katika matoleo mengi ya Excel jedwali pivoti halijihuishi lenyewe kila orodha inapobadilika.

Kabla sijahitimisha, neno moja la tahadhari. Mkibofya mara mbili juu ya namba yoyote ndani ya jedwali pivoti, Excel hufungua ukurasa mpya wenye mistari yote iliyounda namba hiyo. Ni msaada mkubwa wa kukagua. Lakini maana yake ni kwamba jedwali hubeba orodha nzima mgongoni, hata mkinakili ukurasa wa muhtasari pekee na kuutuma. Anayepokea muhtasari wa wagonjwa au wakopaji anaweza kupata majina na namba zao za simu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, tunayo heshima ya mgonjwa. Muhtasari unaotoka nje ya ofisi utumwe kama PDF, au ubandikwe kama thamani tupu katika faili jipya.

Ndugu Mwenyekiti, yote haya nayafunga katika maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kubofya kitufe cha kuchapisha. Je, jumla ya fedha kwenye jedwali inalingana na jumla ya orodha? Je, idadi ya vikundi inalingana na idadi ya mistari? Je, kila kata ya wilaya yetu imeonekana, na ile isiyoonekana tunajua kwa nini? Maswali hayo huchukua dakika tano. Yakijibiwa, hata mkaguzi akija tutakuwa na la kumwonyesha.

Swali la tatu ndilo ninaloliomba libaki nanyi mkirudi vituoni. Kata ambayo haikuleta maombi na kata iliyofichwa na chujio hufanana kabisa kwenye karatasi: zote mbili ni nafasi tupu. Kompyuta haiwezi kuzitofautisha, wala mjumbe wa kamati. Anayeweza ni yule aliyeipokea orodha kwa mkono wake na anayejua kwamba akina mama wa Nongwe waliandika barua. Mtu huyo ni wewe.