Kalsiamu Inapogeuza Umbo la Protini

Kalsiamu wengi tunaijua kwa mifupa na meno, na kweli asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo humo. Leo nina hamu na ile kidogo iliyobaki, maana ndiyo inayopeleka amri ndani ya seli.

Seli iliyotulia haitaki kalsiamu. Huisukuma nje usiku na mchana, hata iliyo huru ndani huwa pungufu mara 10,000 hivi kuliko ya nje. Amri ikija, milango hufunguka na kalsiamu humiminika. Inayoipokea ni protini iitwayo kalmodulini, yenye asidi amino 148. Ya kuku na ya binadamu ni moja, haina tofauti.

Kalmodulini ina ncha mbili nene na kishingo chembamba katikati. Kila ncha ina vishikio viwili vya kalsiamu. Sasa nyoosha mkono wa kulia; wewe unayeendesha gari, subiri ufike. Bana kidole gumba kando ya kidole cha shahada. Hivyo ndivyo kishikio kinavyokaa kikiwa kitupu. Haya, tanua gumba mpaka vidole vifanye pembe mraba. Kalsiamu imeingia. Mfano huu wa mkono si wangu: ni wa Mmarekani Robert Kretsinger, aliyekiona kishikio cha namna hiyo katika protini ya samaki wa maji baridi, mwaka 1973.

Kinachotanua ni nini? Kalsiamu hutaka kuzungukwa na atomi saba za oksijeni. Ili zote ziifikie, kitanzi cha protini hulazimika kujikaza, na kikijikaza huvuta upande mmoja. Magnesi, ambayo imejaa tele ndani ya seli, hutosheka na sita. Hata ikikaa hapo, kishikio hakifunguki.

Kikifunguka, sehemu za ndani zisizopenda maji hubaki wazi, nazo hutafuta pa kujificha. Hapo kishingo hupinda, na ncha zote mbili huikumbatia protini nyingine. Katika ukuta wa mshipa wa damu, utumbo au mji wa mimba, inayokumbatiwa ni kimeng'enya kinachoamsha miosini, protini inayokaza misuli, na misuli hujikaza. Kalsiamu yenyewe haikugusa miosini. Imebadili umbo la kalmodulini tu.

Umbo hilo halivumilii hitilafu. Tuna jeni tatu zinazotengeneza kalmodulini ile ile, hivyo ungedhani moja ikiharibika nyingine zitafidia. Sivyo. Mwaka 2012 watafiti wa Denmark walieleza kwamba kubadilika kwa asidi amino moja tu, katika jeni moja, kunatosha kuvuruga mapigo ya moyo, hasa mtu akikimbia au akishtuka.

Kwa hiyo wazazi na walimu, mtoto akizirai katikati ya mbio, msiseme ni njaa au jua. Mpelekeni hospitali apimwe moyo.