Uanaume na Ndoo ya Maji

  

Leo tunakusudia kusema juu ya jambo ambalo husemwa sana barazani na mara chache mimbarini, nalo ni hili: mwanamume ni nani?

Kasesya, kwa asiyepajua, ni mpakani, katika Wilaya ya Kalambo. Ng'ambo ni Zambia. Malori husimama kungojea hati, wachukuzi hungojea mizigo, na baraza za maduka hazikosi watu. Siku moja, baada ya swala ya alasiri, tulikuwa tumeketi huko pamoja na wazee. Akapita kijana mmoja, mchukuzi, amefunga madumu mawili ya maji nyuma ya baiskeli. Mkewe alikuwa na siku tisa tangu ajifungue. Vijana wenziwe wakampigia makofi, na mmoja akamwuliza kwa sauti kubwa ni nani aliyeolewa katika nyumba ile. Baraza zima likacheka. Nasi tulikuwapo, na ukweli lazima usemwe: tulitabasamu, wala hatukutamka neno.

Kesho yake kijana hatukumwona. Tuliyemwona ni mkewe, ndoo kichwani, akienda hatua chache, akisimama, akishika kiuno.

Ndugu zangu, kicheko kile kilitoka wapi? Katika Qurani hakimo. Katika mwendo wa Mtume hakimo kabisa. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ulipofika alitoka kwenda kuswali. Riwaya nyingine zinaeleza kwamba alishona viatu vyake kwa mkono wake na kukama mbuzi wake. Na huyu ndiye aliyesimama imara Uhud na Hunayn siku ambazo wengi walikimbia. Je, yuko miongoni mwetu atakayemwuliza yeye ni nani aliyeolewa?

Al-Aqra bin Habis, mkubwa katika kabila la Banu Tamim, alimwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hassan. Akasema kwamba yeye ana watoto kumi, na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume alimtazama, akamjulisha kwamba asiyekuwa na huruma naye hataonewa huruma. Tuizingatie vyema hadithi hii. Al-Aqra hakuwa akiungama kosa, alikuwa akijisifu. Kwa watu wake, moyo mgumu ulikuwa ndio heshima ya mwanamume, kama vile uso kusawijika mtu alipobashiriwa mtoto wa kike, jambo linalolaumiwa katika Sura An-Nahl. Mtume alizaliwa ndani ya desturi hizo, naye akazivunja mbele ya macho ya watu. Mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho, alitokwa na machozi hadharani, hata Abdur-Rahman bin Auf akastaajabu. Nasi leo tunawasikia akina baba makaburini wakiwakemea wavulana wadogo wasilie “kama wanawake”.

Wala msidhani haya ni mambo ya Bara Arabu peke yake. Nchi hii ya Ufipa ina habari yake. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita hapa mwaka 1880, aliwasifu Wafipa kwa ukulima wao na kwa kupenda kwao amani. Wanaume wa hapa walifua chuma katika matanuru ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, na wanaume hao hao wa Ufipa walikaa kwenye vitanda vya mfumi wakifuma nguo za pamba. Hakuna aliyewaona wapungufu kwa kushika uzi. Lakini hawakuzaliwa hivyo. Mtaalamu Roy Willis, aliyekaa nao katika miaka ya 1960, aliandika baadaye kwamba kabla ya amani hiyo zilikuwapo zama za vita, Nkansi na Lyangalile zikishindana. Wazee wale walijifunza mwendo mwingine, ukawa ndio desturi, na sifa ya mtu ikawa ni kusema vizuri na wenziwe. Wengi wao hawakuwa Waislamu, na hilo halituzuii kuutaja wema wao.

Wako watakaosema kwamba kusudi letu ni kuwalegeza wanaume, nchi iharibike. Hofu hiyo si mpya. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana zipigwe marufuku tangu Januari 1969. Hata kabla ya siku hiyo kufika, makundi ya vijana wa kiume pale Kariakoo, Dar es Salaam, yaliwavamia wanawake na kuwachania nguo. Sisi hatuzitetei sketi zile. Stara ni amri ya dini. Lakini ifungueni Sura An-Nuur. Aya ya 30 inawaamrisha kwanza wanaume wainamishe macho yao. Wanawake wanakuja katika Aya ya 31. Wale waliorarua nguo za wenzao waliiruka aya iliyowahusu wao.

Nanyi vijana wa leo mnaofuga nywele na kusema mmezikataa mila za wazee, tuna neno nanyi pia. Wengi wenu mmezikataa nguo za wazee, na ukali wao mmeubakiza. Kijana aliyeuliza swali lile Kasesya alikuwa na mavazi ya kisasa kabisa.

Twajua pia kwamba iko Aya ya 34 ya Sura An-Nisaa, ambayo mtu huikumbuka upesi akiisha kukasirika, hata kama hajui nyingine. Usimamizi uliotajwa humo umefungamanishwa na mwanamume kutoa mali yake. Ni mzigo kabla ya kuwa cheo. Na yule aliyeteremshiwa aya hiyo, kwa ushahidi wa Bibi Aisha uliomo katika Sahihi ya Muslim, hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, nayo inasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Basi anayempiga mkewe na aseme ni hasira zake, asimsingizie Mtume.

Tuliporudi Kasesya tulimtafuta kijana yule, tukamwomba radhi kwenye baraza ile ile, watu wakisikia. Wako waliocheka tena. Yeye hakucheka. Alituambia kwamba vijana wenziwe hawakumwumiza, kwa kuwa amewazoea. Alipowasikia aligeuza macho kuwatazama wenye kanzu, akaona wanatabasamu, ndipo akajua kwamba wenziwe wamesema kweli. Kisha akatuuliza kwa adabu, “Sheikh, kwa nini hamkusema siku ile?”

Hatukuwa na jibu. Twasema haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwetu sisi na kwenu ninyi.