Hukumu ya Aliyeshindwa Kikwazo: Taratibu za Mbio za Vikwazo na Njia ya Kufuzu Ubingwa

Kwa kuwa wengi wetu tukisikia mbio za vikwazo hukumbuka zile mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, ambazo Wakenya walizitawala kwa miaka mingi, sina budi kutanguliza kwamba mchezo ninaouzungumzia ni mwingine. Humo mshindani hupanda kuta, huning'inia kwenye pete, hubeba ndoo ya mawe na kutambaa matopeni chini ya seng'enge. Mashindano ya Tough Guy yalianza Uingereza mwaka 1987. Marekani nayo, mwaka 2010, ikazaa Spartan Race na Tough Mudder.

Spartan ina masafa ya kilomita 5, 10 na 21, na vikwazo 20, 25 na 30 kwa kufuatana. Wakimbiaji hugawanywa makundi matatu: mabingwa wagombeao zawadi, washindani wa rika, na halaiki iliyokuja kujifurahisha, ambayo haitafuti kufuzu popote.

Lakini roho ya mashindano, kwa rai yangu, imo katika hukumu ya aliyeshindwa kikwazo. Desturi mashuhuri ya Spartan ilikuwa kumwamuru ajitupe kifudifudi, ajiinue kwa mikono na kuruka juu, mara 30, ingawa baadaye mahali pengi aliongezewa mzunguko wa kukimbia badala yake. Ama hukumu hiyo hugeuza udhaifu kuwa muda tu, hata mwenye mapafu mapana akaweza kushindwa kamba na bado akatangulia. Mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyoanzia Ohio mwaka 2014 yakachagua njia nyingine: kila mshindani huvishwa kikuku, huruhusiwa kurudia kikwazo kadiri apendavyo, na akikata tamaa hukivua, akaendelea hadi mwisho lakini akawekwa nyuma ya wote waliobaki navyo. Nimeona hii ndiyo insafu zaidi, japo ni kali.

Katika ubingwa huo nafasi haitolewi na kampuni moja. Hupatikana kwa daraja mtu aliyoishika katika mashindano yaliyokubaliwa ya waandaaji mbalimbali. Mlango u wazi, illa asiye na mashindano hayo kwao hulazimika kugharimia safari kabla ya kubisha hodi.

Vikwazo vimefika hata Olimpiki: mwaka 2022 shirikisho la pentatloni ya kisasa, mchezo unaojumlisha fani tano, lilichagua vikwazo vichukue nafasi ya farasi, baada ya fadhaa iliyotokea katika fani ya farasi kwenye Olimpiki ya Tokyo, navyo vitaonekana Los Angeles mwaka 2028: njia fupi, wawili wakikimbia sambamba, na mshindi akijulikana kwa sekunde chache. Hata hivyo bingwa wa vikwazo asidhani kwamba kuta zitamfikisha Olimpiki, maadam tiketi hiyo hupatikana kwa jumla ya alama, zikiwamo za vitara, kuogelea, na mbio zilizochanganywa na kulenga shabaha.