Dakika Ishirini za Mlo
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya afya. Mimi si mganga, ni mtumishi wa serikali wa kukaa mezani. Basi nitazungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya kila siku bila kulifikiria, nalo ni kula. Tule nini, hayo mmekwisha yasikia. Mimi nasema juu ya namna tunavyokula.

Wenzangu wa miaka ya tisini mnalikumbuka bwalo letu. Aliyemaliza kwanza ndiye aliyewahi ukoko. Ugali wa moto ulimezwa kama dawa, macho yote kwenye sufuria. Tulipoondoka hapa tuliyaacha madaftari, lakini mwendo ule tulikwenda nao. Nimepata kumwona mtu mzima, mkuu wa idara, akimaliza wali na samaki huku mkono wa kushoto unafunua jalada, au siku hizi unapekua simu. Ukimwuliza kama samaki alikolea chumvi, hajui.

Sasa, tumbo halina kengele ya papo hapo. Chakula kikiingia, tumbo hutanuka na mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Utumbo nao hutoa homoni za kuarifu kwamba shibe imefika. Shughuli hiyo huchukua kama dakika 20. Anayemaliza sahani kwa dakika saba huongeza ya pili kabla barua ya kwanza haijafika.

Vijana, msikubali kwa kuwa nimesema mimi. Kesho chukueni tonge moja la ugali mtupu, bila mboga, mlitafune taratibu kwa dakika nzima. Mtaona linaanza kuwa na utamu. Hiyo ni kazi ya mate, ambayo yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachovunja wanga kuwa sukari. Ni wanga ule ule unaoigeuza iodini kuwa buluu-nyeusi pale maabara. Anayemeza bila kutafuna hajawahi kuuonja ugali, ameonja mchuzi.

Huko Marekani, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, na zoezi lake mojawapo ni kula zabibu kavu moja tu: kuitazama, kuinusa, kuitafuna polepole. Kabla yake alikuwako Mmarekani mwingine, Horace Fletcher (1849–1919), aliyetaka chakula kitafunwe mpaka kiwe maji. Huyo simfuati, tungekaa bwaloni hadi usiku. Hata zabibu sioni kama tunazihitaji. Bibi yangu alitandika mkeka, tukanawa, tukala sinia moja, na mwenye tonge kubwa alitazamwa tu, akajua.

Nina sababu ya kuyasema haya. Mwaka jana nilipimwa sukari asubuhi kabla ya kula, kipimo kikasoma 6.4, ikifika 7 huwa tunasema kisukari. Daktari aliniagiza kutembea na kupunguza wanga. Kula taratibu si dawa, wala asiache mtu dawa zake kwa ajili hiyo. Lakini sasa namega tonge, natafuna, nameza, ndipo namega jingine, na simu iko ndani ya droo. Nimegundua robo ya sahani yangu sikuwa na haja nayo. Kwa mtu anayepata mlo mmoja kwa siku sina la kusema. Huyo anaijua ladha ya kila punje.

Ndugu Mwenyekiti, kijana hawezi kula kwa utulivu akiwa na dakika nane. Leo mchana nilipanga foleni pamoja na Kidato cha Pili. Dirisha la kupakulia ni moja, na wa mwisho alipokaa kengele ilikuwa karibu kulia. Dirisha la pili lipo, limepigiliwa mbao. Linahitaji fundi, meza na upawa mwingine. Naomba Chama chetu kibebe gharama hiyo kabla ya muhula ujao, na Ndugu Mkuu wa Shule atukubalie mpakuaji wa pili. Mchango wangu nimekwisha mkabidhi Mweka Hazina. Orodha iko pale mlangoni.