Mgeni Siku Mbili: Kuwapokea Vijana wa Kujitolea

  

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo tuzungumze juu ya zile siku za kwanza, kabla ya jembe.

Tangu miaka ya 1960, vijana wa kujitolea kutoka Marekani, Uingereza na kwingineko wamekuwa wakija Kenya kufundisha, kujenga madarasa na kuona nchi. Wengi ni vijana waliomaliza shule juzi tu. Pengine nawe hapo Hewani umeombwa umpokee mmoja nyumbani kwako. Usitazame urefu wake wala begi lake kubwa. Kwa mambo ya Mto Tana yeye ni mtoto mchanga, na kwa majuma hayo machache wewe ndiwe mama yake.

Jambo la kwanza ni jua. Kijana huyu hupenda kuonyesha kwamba si mvivu, hivyo atataka kubeba matofali saa sita mchana. Mkataze. Mwili wake unahitaji wiki moja au mbili kuzoea joto letu. Afanye kazi asubuhi na jioni, avae kofia, anywe maji mara kwa mara. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, maji hayamtoshi. Akiwa na joto kali mwilini na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, hiyo ni hatari. Mweke kivulini, mlowanishe kwa maji, mpepee, na apelekwe hospitali mara moja.

Jambo la pili ni maji ya kunywa. Maji ya mto yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa na kusubiri dakika 30. Akianza kuharisha, huenda akaona haya kukwambia. Muulize kwa upole. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati. Ukikosa pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akiharisha damu au akishindwa kunywa, aende kwa daktari.

Jambo la tatu ni mto wenyewe. Kwake mto ni mahali pa kuogelea. Wewe wajua kuna mamba na viboko. Tena katika maziwa na mifereji yenye maji yaliyotulia kuna konokono wanaobeba kichocho. Vijidudu vyake huingia kupitia ngozi, na mtu huja kukojoa damu wiki nyingi baadaye, pengine amekwisha rudi kwao. Usimwonee haya kwa sababu ni mgeni. Mwambie waziwazi: hapa hatuogelei. Mpe ndoo aogee nyumbani.

Jambo la nne, na ndilo kubwa, ni malaria. Sisi tuliokulia hapa tumeugua mara nyingi, na miili yetu imepata kinga kiasi. Yeye hana. Malaria inayokupa wewe homa ya siku tatu yaweza kumuua. Alale ndani ya chandarua chenye dawa, avae mikono mirefu jioni, na kama alipewa vidonge vya kuzuia malaria, asiviache hata siku moja. Malaria huchukua kama siku 7 au zaidi tangu kuumwa na mbu, kwa hiyo homa huweza kujitokeza kuanzia wiki ya pili. Usiseme ni uchovu wa safari. Apimwe damu siku hiyo hiyo. Na akiondoka mkumbushe: homa ikimpata kwao, hata baada ya miezi, amwambie daktari kwamba alilala Tana.

Sasa, mama, nikuulize. Mjukuu wako aliyezaliwa Nairobi anapokuja Disemba kula maembe, je, unamlinda hivyo? Wengi wetu twasema, "Huyu ni damu yetu, hawezi kudhurika." Kinga ya malaria haipatikani kwa jina la ukoo. Mtoto huyo ni mgeni kwa mbu wa hapa sawasawa na yule kijana wa Uingereza, na wala hana begi lenye vidonge. Kabla hajafika, tafuta chandarua chake. Akipata homa, usingoje kesho.

Na wale wadogo walio nyumbani kwako, wa chini ya miaka 5, pamoja na mama mjamzito, nao hawana kinga ya kutosha. Chandarua kikiwa kimoja, wao ndio wa kwanza.

Tuishie hapo kwa leo. Mlale salama, ndani ya chandarua.