Kihifadhi Kilichopokea Nafasi ya Parabeni: Mzio wa Ngozi Utokanao na Methilisothiazolinoni

Bidhaa yoyote yenye maji, iwe losheni, shampuu au rangi ya ukuta, huzaa bakteria na ukungu upesi isipotiwa kihifadhi, yaani kemikali inayoua vijidudu au kuzuia wasizaliane. Kwa hiyo suala si kama vihifadhi vinahitajika, bali ni kipi kiteuliwe na kwa kiwango gani. Methilisothiazolinoni iliteuliwa vibaya, na walioumia ni watumiaji wa Ulaya.

Katika miaka ya 1980 kemikali hiyo ilitumika ikiwa imechanganywa na nyingine ya jamii yake yenye klorini, sehemu moja kwa tatu, na mzio ulipoenea, kiwango cha mchanganyiko huo kilishushwa hadi sehemu 15 kwa milioni. Lawama ilielekezwa zaidi kwa ile yenye klorini, hivyo mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ukaruhusu methilisothiazolinoni itumike peke yake katika vipodozi. Na kwa kuwa ikiwa peke yake ni dhaifu, ikaruhusiwa kufikia sehemu 100 kwa milioni, kiwango kinachozidi mara 25 kile kilichokuwamo katika mchanganyiko. Wakati huohuo umma ulikuwa umeanza kuzihofia parabeni, vihifadhi vya zamani ambavyo kwa nadra sana huleta mzio, na maandishi ya "bila parabeni" yakawa chambo cha biashara. Hofu hiyo, ambayo kwa upande wa mzio haikuwa na msingi, ilivifungulia mlango vihifadhi vibaya zaidi.

Mzio huu ni wa kuchelewa: seli za kinga huitambua kemikali kwanza bila dalili yoyote, na mguso wa baadaye ndio unaoleta mwasho, wekundu na malengelenge baada ya siku moja hadi tatu, wakati mgonjwa ameshasahau alichojipaka. Ndiyo maana tabibu hutumia kipimo cha kubandika, ambapo kemikali huwekwa mgongoni kwa saa 48, kisha ngozi husomwa zaidi ya mara moja. Tishu zenye unyevu za kufutia watoto zilidhihirisha tatizo waziwazi, kwani mtoto aliota ukurutu mdomoni na matakoni, na mlezi wake akapasuka vidole, kwa pakiti ileile.

Tangu mwaka 2017 Ulaya imepiga marufuku methilisothiazolinoni katika vipodozi vinavyobaki mwilini, na katika vile vya kuoshwa kikomo kikashushwa mwaka 2018 hadi sehemu 15 kwa milioni. Rangi za ukuta zenye kemikali hii, hata hivyo, hazimo katika sheria ya vipodozi. Kemikali hupanda hewani kwa wiki kadhaa baada ya chumba kupakwa, na mwenye mzio huvimba uso na kope bila kugusa chochote. Losheni mgonjwa huweza kuitupa, lakini hana budi kuingia ofisi iliyopakwa rangi na mwajiri wake.